Mkanda wa Jeshi, Upande wa Kulia

Jumamosi, 9 Novemba
Mvua toka alfajiri. Daftari hili nimelinunua dukani kwa Twalibu, Kibondo mjini. Kaniuliza la nini, nikamwambia namwandikia mchumba. Akacheka mpaka akanipa na peni ya bure.

Ukweli ni kwamba nina jambo siwezi kumwambia Rosa mke wangu, wala Bazilio ninayekunywa naye, wala padri. Basi naliambia daftari. Mimi Leonidasi niliishia darasa la nne, mwalimu alinifukuza kwa kumwiga anavyotembea. Daftari livumilie mwandiko.

Jambo lenyewe ni hili. Siku tano ubavu wa kulia uliniwaka kama mtu kanipiga pasi. Nikasema ni kichomi. Jana nikiwa naoga nikaona vipele, vimejikusanya kama mayai ya chura, vinaanzia chini ya chuchu vinazunguka kwenda mgongoni. Naujua ugonjwa huu. Kijiji chetu kizima cha Kumsenga kinaujua. Ni mkanda wa jeshi.

Jumapili, 10 Novemba
Nimemwambia Rosa ni kiwavi, kaniangukia nikipogoa migomba. Kanisugua kwa majivu yaliyokorogwa na mawese. Nimelia. Kauliza kiwavi gani huyu anayemliza mzee. Nikasema kiwavi dume.

Jumanne, 12 Novemba
Wazee wetu walisema mkanda ukizunguka mwili, kichwa kikakutana na mkia, mtu kwisha. Nimekata kamba ya mgomba, asubuhi najifungia chooni napima pengo lililobaki. Leo ni shibiri tatu na vidole vitatu.

Jumatano, 13 Novemba
Shibiri tatu na vidole viwili. Au nimepima vibaya.

Alhamisi, 14 Novemba
Mvua ya mawe mchana. Rosa kaenda jumuiya. Niandike lile ninalolizunguka.

Theodosia ni mjane wa rafiki yangu Nduwayezu. Wote wawili waliletwa wadogo kutoka Burundi, wakakulia huku, wakapata uraia. Shamba lao na langu yanagusana, mpaka wetu ni mstari wa miti ya minyaa. Theodosia hupika urwagwa, pombe ya ndizi, na toka hapa mpaka Nyabibuye sijaona wa kumshinda. Kwake tulikunywa kama inavyonywewa kwetu: kibuyu kimoja, mrija mmoja, unazunguka mdomo kwa mdomo. Kumnyima mtu mrija ni kumwambia si mtu.

Miaka mitatu iliyopita Nduwayezu alikufa kwa ini. Matanga hayajapoa, Theodosia akatokwa na mkanda shingoni mpaka begani, mahali kitenge hakifichi. Jumamosi moja tulikuwa kwake, watu kama ishirini, akaja amebeba kibuyu. Nikasimama, nikabana visigino, nikapiga saluti. Nikamwambia, "Afande, mkanda umeshapewa. Bunduki lini?"

Watu walicheka. Bazilio pombe ikamtokea puani. Ningeishia hapo. Lakini mimi nikishaonja kicheko cha watu nakuwa kama mbuzi aliyekuta ua wa shamba uko wazi. Nikaongeza kwamba Nduwayezu hakufa kwa ini, alikanyaga miwaya, yaani aliupata ukimwi, kwenye kambi ya wakimbizi Mtendeli alipokuwa akipeleka ndizi, na mkanda wa mke ndiyo barua ya kuthibitisha. Nilibuni. Nduwayezu hakulala Mtendeli hata siku moja. Nilitaka wacheke mara ya pili tu.

Jumamosi iliyofuata kila mtu alikuja na mrija wake mfukoni. Iliyofuata wakaja wanne. Halafu hakuna. Watoto wa shule wakimwona njiani wanabana visigino. Mwezi wa nane mwaka huu mkanda ukamrudia, palepale shingoni, na watu wakasema si mnaona, mzee Leonidasi alishasema.

Sasa ninao mimi. Nikisema, nani atanipa mrija?

Jumamosi, 16 Novemba
Sikwenda kunywa. Bazilio kapita kuniuliza, nikamwambia nimeokoka. Kaondoka akicheka.

Jumatatu, 18 Novemba
Nimerudi kutoka Kasulu. Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Kibondo kuna hospitali, ila mtu wa hapa akikohoa pale, Kumsenga wanamjibu pole. Nikamwambia Rosa nakwenda kumwona dada yangu, nikapanda basi la asubuhi mpaka Kasulu, kituo cha afya ambacho hakuna anayenijua. Nikaingia nimejivika kofia hadi nyusi kama mwizi wa kuku. Kwenye benchi la kusubiri alikuwa amekaa mtu mmoja tu, kajifunika kitenge shingoni. Theodosia.

Nikataka kugeuka. Kaniona. Kaona pia ninavyolishika shati kwa vidole viwili lisiguse ubavu, na mtu aliyewahi kushika nguo hivyo haulizi. Akanipisha nafasi.

Akasema, "Usivae shati hilo, shemeji. Tafuta kitenge kilichochakaa, hakikwaruzi."

Basi, hivyo tu. Tukakaa. Mwisho nikamuuliza kama atasema.

"Niseme nini?"

Nikamwambia hiki nilichonacho. Akaniangalia, si kwa hasira. Akasema, "Mimi sijui kuchekesha watu, shemeji."

Nimekula viboko shuleni, nimepigwa na mgambo mwaka wa vijiji vya ujamaa, hakuna kilichoingia kama hilo. Na bado, ngoja niandike yote, nilichofikiri wakati ule ni kwamba nimesalimika.

Nesi anaitwa Nasma, binti mdogo mwenye hijabu nyeupe, ananiita babu. Kaniuliza kama niliugua tetekuwanga utotoni. Nikasema sana, mama alinifungia ndani wiki mbili nikatoka nina madoa kama kanga. Akasema ndiyo hiyohiyo. Kile kidudu cha tetekuwanga hakikuondoka. Mwili ulikishinda, kikajificha kwenye mshipa wa fahamu karibu na uti wa mgongo, kikalala. Mtu akizeeka, au akichoka sana, akiugua, akipatwa na msiba, nguvu za mwili zikipungua, kinaamka na kutambaa kuufuata mshipa uleule mpaka kwenye ngozi. Ndiyo maana kinakaa upande mmoja.

Nikamuuliza kikikutana mbele na nyuma. Akasema, "Hakikutani, babu. Mshipa unaishia katikati." Nikafikiria zile asubuhi zangu chooni na kamba ya mgomba.

Nikauliza lile ninaloliogopa. Akasema wenye virusi vya ukimwi huupata mara nyingi zaidi, kwa sababu kinga yao huwa imepungua, kwa hiyo wao humshauri kila mwenye mkanda apime. Lakini mkanda wenyewe hauthibitishi kitu, wazee wengi huupata na hawana lolote. Nikakubali. Dakika kumi na tano za kusubiri jibu niliwakumbuka wanawake wote niliowahi kuwajua, na hawakuwa wengi kama ninavyosema kilabuni. Sina.

Kanigombeza. Ningekuja siku tatu za kwanza, vidonge vingefanya kazi vizuri. Siku ya kumi dawa inakuta nyumba imeshaungua. Kanipa, kwa sababu bado yanatoka malengelenge mapya, ila kaniambia maumivu yanaweza kubaki miezi. Nisibebe watoto wachanga wala kukaa karibu na wajawazito mpaka yakauke, maana yule ambaye hajaugua tetekuwanga anaweza kuipata kutoka kwangu. Nikauliza kama mkanda unarudi. Kwa walio wengi ni mara moja, kasema, ila wapo unaowarudia, mahali pale pale au pengine, na kurudi kwake si ushahidi wa kosa lolote.

Kwenye basi la kurudi Theodosia alikaa mbele, mimi nyuma. Msiba. Hilo neno lilinikaa masikioni mpaka Kibondo. Alikuwa amemzika mumewe mwezi uleule mkanda ulipomtoka mara ya kwanza.

Jumatano, 20 Novemba
Vidonge mara tano kwa siku. Namwambia Rosa ni vya mgongo. Theodosia hajasema.

Ijumaa, 22 Novemba
Hajasema.

Jumapili, 24 Novemba
Kanisani alikaa kwenye kona yake, benchi zima peke yake. Sikuwahi kuliona hilo benchi. Nilikuwa namwona yeye tu, nikitafuta la kusema. Hajasema.

Alhamisi, 28 Novemba
Nimempelekea mkungu wa ndizi za kupikia. Nilijiambia ni ujirani. Jioni nimeukuta mlangoni kwangu, haujakatwa hata chane moja. Rosa kauliza nani kauacha. Nikasema Mungu.

Jumanne, 3 Desemba
Vipele vimekauka, vimeacha makovu. Moto wa ndani haujazimika. Upepo ukigusa, naruka. Hajasema.

Jumatatu, 9 Desemba
Sikukuu ya Uhuru. Sitaki kuandika na nitaandika.

Tulikuwa barabarani, mimi na Bazilio na wengine watatu, tumesimama tunasubiri mvua ipite chini ya paa la mashine ya kusaga. Theodosia akatokea na debe kichwani, limejaa maji ya mvua aliyokinga. Bazilio akabana visigino. Wale watatu wakabana. Wakapiga saluti. Halafu wote wanne wakaniangalia mimi, mwenye mchezo.

Mkono wangu ukapanda.

Sikuuambia upande. Lakini sikuushusha pia. Ulifika kwenye kofia, ukakaa, na ubavu ukawaka kwa kuunyanyua, machozi yakanitoka, na wao wakadhani nacheka. Theodosia aliniangalia mara moja. Alikuwa na neno moja tu la kusema pale, "Mwambieni avue shati," na mimi ningekwisha. Alipita nalo. Alipita na debe lake na neno lake, hakumwaga hata tone.

Nilikuwa nikimwona Theodosia kama mtu dhaifu, asiyejua kujibu. Leo nimeelewa kwamba wiki tatu hizi amenishika mkononi kama kifaranga, na hajakunja vidole.

Jumanne, 10 Desemba
Sikula.

Jumatano, 25 Desemba
Noeli. Rosa kachinja kuku. Mvua.

Jumamosi, 4 Januari
Maharage yameanza kugeuka manjano. Nimesikia kwa Bazilio mwenyewe: Theodosia anauza shamba na nyumba, anahamia Kasulu kwa kaka yake. Mnunuzi ni Bazilio. Nikamuuliza kwa nini anauza. Kasema, "Atakaa afanye nini, hana anayemnywea. Tena nikushukuru wewe, mzee, saluti yako imenipatia shamba." Akanipiga bega, la kulia. Sikujua kipi kimeniuma zaidi.

Jumatano, 8 Januari
Mwenyekiti wa kitongoji, Isihaka, kanitumia ujumbe. Jumamosi ya tarehe kumi na nane ni kuandikishana. Kwetu shamba haliuzwi bila jirani wa mpaka kutembea mipaka na kutia sahihi, na jirani wa mpaka ni mimi. Bila sahihi yangu hakuna mauzo.

Jumatatu, 13 Januari
Nimekwenda hadi kwenye minyaa mara tatu kumwita. Mara tatu nimerudi. Mtu aliyesema maneno yote yale mbele ya watu ishirini, kumbe peke yake hana hata moja.

Jumamosi, 18 Januari
Mvua ilikatika saa tatu. Tulikutana uwanjani kwa Theodosia: yeye, Isihaka, Bazilio, mimi, na watu kumi na kitu waliofuata pombe ya mashahidi. Pombe yenyewe Bazilio kaileta kutoka kwa mpishi mwingine. Uwanjani kwa Theodosia, wanakunywa pombe ya mtu mwingine.

Tukatembea mipaka. Tukarudi, Isihaka akasoma: mimi Theodosia nauza kwa hiari yangu, bila kushurutishwa na mtu yeyote. Theodosia alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Karatasi ikaja kwangu kwanza.

Nikasema siwezi kutia sahihi, imeandikwa uongo. Isihaka akauliza uongo uko wapi, kwenye hatua za upana? Nikasema uko kwenye hiari. Huyu mama hauzi kwa hiari. Nimemfukuza mimi.

Wakacheka. Hata Isihaka. Nilisahau kwamba miaka hamsini nimewafundisha kucheka nikifungua mdomo tu. Nikasema nina mkanda wa jeshi, nimeupata tangu Novemba. Wakacheka zaidi, mmoja akanipigia saluti, mwingine akauliza cheo gani. Bazilio akasema mzee huyu bwana, hata kwenye mambo ya serikali hawezi kutulia, atie sahihi tunywe.

Nikavua shati. Nilipolivua likakwaruza, nikaguna kama ng'ombe. Nikainua mkono wa kulia, nikageuka polepole, mbele, ubavu, mgongo, wakauona mstari mzima wa makovu. Kicheko kiliisha mtu mmoja mmoja, kama watu wanaotoka kanisani. Aliyekuwa na mrija mdomoni akautoa.

Nikawaambia aliyoniambia Nasma. Nikauliza nani hapa hakuugua tetekuwanga akiwa mdogo. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nikasema basi wote tunacho, kimelala mgongoni, kinasubiri uzee au msiba. Huyu mama kilimwamkia mwezi aliomzika mumewe, na nyinyi na mimi tukacheka. Nduwayezu alikufa kwa ini. Miwaya ya Mtendeli nilibuni mimi, kwenye benchi lile pale. Na Theodosia hana ugonjwa ule, naapa kwa—

"Usiniapie, shemeji."

Alikuwa amesimama. Sikuwahi kumsikia akisema kwa sauti ile, ndogo na kavu.

"Hujui nina nini na sina nini. Sijakuambia na sitakuambia. Na hata ningekuwa nao, ndiyo ungenipigia saluti?"

Miezi miwili nilidhani kosa langu ni kwamba nilikosea ugonjwa. Nimekuja nimebeba maneno ya nesi kama ngao, na yeye kanionyesha ngao yenyewe imetoboka. Kama angekuwa nao, ningeona nina haki. Hilo ndilo nililokuwa nalo ndani muda wote.

"Tena umewaambia wao," akasema. "Mimi hujaniambia."

Nikamgeukia, kifua wazi, manyunyu yameanza. Nikasema, "Shemeji, nilikudhalilisha ukiwa na msiba. Nilimsingizia rafiki yangu akiwa kaburini. Kasulu ulinificha, nikarudi huku nikakupigia saluti tena nikiwa najua."

"Nimesikia," akasema. Hakusema amesamehe. Akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaikunja mara nne, akamwambia Isihaka maharage yake hayajavunwa, atafikiri yakishaingia ndani. Akaingia nyumbani. Bazilio alibeba pombe yake akaondoka nayo, na watu wakaifuata.

Jumapili, 19 Januari
Habari ilimfikia Rosa kabla sijafika mimi. Kaniandalia maji ya kuoga, kakaa mlangoni. "Kiwavi dume," kasema. Halafu akasema, "Umri huu, Baba Esteri, bado unaniogopa mimi kuliko kufa?" Nikamwambia si yeye. Niliogopa kuchekwa. Akaniletea kitenge chake cha zamani nijifunge.

Jumatano, 22 Januari
Watoto wa shule wamenipigia saluti. Wanne, mstari mmoja. Nikawaita, nikawaambia mchezo huo niliutunga mimi na ulikuwa mbaya. Mdogo wao akauliza, "Babu, kama mbaya kwa nini uliutunga?"

Jumapili, 26 Januari
Bazilio hanisalimii. Theodosia ameanza kung'oa maharage peke yake. Nilivuka minyaa, nikaanza mstari wa mwisho, mbali naye. Hakunifukuza. Ubavu uliwaka siku nzima. Nesi alisema ni miezi, huenda moto huu ukafika Mei.

Jumamosi, 1 Februari
Maharage yameingia ndani. Sijasikia habari ya karatasi, na sikuuliza.

Toka Jumatano nimekuwa nikiona moshi kwake, moshi wa kupikia maji, na leo asubuhi harufu ya ndizi zilizosindikwa ikavuka mpaka. Amepika. Mchana nikajifunga kitenge cha Rosa, nikaenda.

Alikuwa ametoa mabenchi yote matano na kuyafuta. Mtungi umejaa. Nikasalimia, akaitikia, akanionyesha benchi la mlangoni, akanipa pombe. Ilikuwa nzuri kuliko nilivyoikumbuka, nikamwambia hivyo, akasema anajua. Tukakaa. Watu walipita barabarani, wakaangalia, wakapita. Twalibu alipita na baiskeli, akapunguza mwendo, akaongeza. Saa nane. Saa tisa. Sikuthubutu kuchekesha. Mabenchi manne matupu yalikuwa yananiangalia, na kwa kila nafasi nililijua jina la mtu aliyekuwa akikaa hapo.

Saa kumi nikasema labda wanaogopa mvua. Theodosia akaangalia mbingu, haikuwa na hata wingu.

Akauliza kama nataka kuondoka. Nikasema hapana.

"Basi sogea," akasema. "Umekaa katikati ya mlango, unawazibia wateja njia."

Nikasogea.